Pua Yangu, Ulimi wa Fridah

Sehemu ya Saba

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni mwa stoo ya mvinyo. Fridah amesimama mbele yangu, macho mekundu, na neno alilolisema lilinifanya niketi juu ya kreti bila kupenda.

"Nimeokoka."

Kwa mliochelewa kujiunga nami, nawaeleza kwa ufupi, kisha mnihukumu mtakavyo. Mimi ni Adib, mtoto wa Kibokoni, Mombasa. Mama yangu, Bi Khairiya, hutengeneza udi na marashi ya maharusi, na mimi nimekulia katikati ya vichupa vyake. Ndiyo maana pua yangu si ya kawaida. Nilikuja Dubai kubeba mizigo ya wageni katika hoteli moja kubwa ya Deira. Siku moja nilipita karibu na meza, nikasema kwa sauti kuwa ile chupa yao inanuka gunia lililolowa mvua. Wakacheka. Walipoonja wakaacha kucheka, kwa sababu ilikuwa imeharibika kweli.

Meneja wetu, Sir Zein, Mlebanoni mwenye hasira za karibu, akanivua sare ya mizigo akanivisha suti nyeusi. Nikawa msimamizi wa mvinyo wa hoteli nzima. Mimi, niliyehitimu Kurani chuoni kwa Maalim, ambaye tone la pombe halijanigusa ulimi.

Sasa kazi hiyo ina kuonja. Kabla mgeni hajamiminiwa, msimamizi huonja kwanza. Mimi sionji. Basi nikapatana na Fridah, mhudumu wa meza kutoka Meru. Mimi nanusa, yeye anaonja nyuma ya pazia la stoo na kunipa maneno, mimi nayapeleka kwa wageni. Miaka miwili tumefanya hivyo. Pua yangu, ulimi wake, na sifa zote zangu.

Nyumbani nilisema nauza manukato katika duka la hoteli. Kwa uongo huo huo nikachumbia. Ikhlas ni binti wa Mzee Aidarus, Mzanzibari wa siku nyingi mwenye duka la udi hapo hapo Deira. Siku ya posa mzee alisema maneno ambayo hayajanitoka masikioni: "Mahari makubwa mie siyataki. Binti yangu nampa mtu mwenye mikono safi."

Ndoa ilikuwa imebakiza wiki tatu. Sasa turudi stoo.

"Umeokoka lini?" nikamuuliza Fridah.

"Ijumaa. Kwa church." Ijumaa ndiyo Jumapili ya Wakristo wa Dubai. "Pastor aliita watu mbele, mimi nikajipata nimeshasimama. Nikaahidi Mungu pombe haitapita tena kwa huu mdomo. Hata ya kuonja na kutema."

"Ijumaa hii ya jana?"

Akatazama viatu vyake.

"Si hii. Ile ya mwezi uliopita."

Nikahesabu kichwani chupa zote zilizopita mikononi mwetu tangu wakati huo.

"Na zile ulizoniambia umeonja?"

"Sikuonja hata moja."

"Ile ya wale Warusi? Si ulisema inakwaruza kama ndizi mbichi?"

"Nilikuangalia uso, Adib. Ukikunja pua, nasema ni mbaya. Ukitabasamu, nasema ni tamu. Hiyo ya Warusi ulikunja nusu."

Mwezi mzima nimekuwa nikiwapelekea wageni maneno ya Fridah, kumbe Fridah alikuwa akinisomea uso wangu mwenyewe!

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia aje? Ulikuwa na hiyo furaha yako ya harusi. Kila siku picha ya posa, picha ya posa. Nikasema wacha apate bibi kwanza."

Nilikasirika, sikatai. Lakini hasira yangu haikukaa sana, maana kiburi kilikuja kuisukuma. Katika mwezi ule wote hakuna mgeni hata mmoja aliyelalamika. Hakuna chupa hata moja iliyorudishwa. Pua yangu peke yake ilikuwa imefanya kazi ya watu wawili.

Nikamwambia Fridah, "Hakuna neno. Leo nitanusa tu."

Laiti ningejua.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Sir Zein akaingia, tai mkononi, hajaifunga bado.

"Yalla, Adib! Madam ameshatua. Chupa zake ziko wapi?"

Nikamwonyesha. Chupa sita zilikuwa zimelala kwenye rafu ya chini, vumbi lake juu, kama Madam mwenyewe alivyoagiza kwamba zisipanguswe. Shato Larmandieu, mvinyo wa mwaka 1961. Zilifika kutoka Ufaransa wiki moja kabla, zimefungwa katika sanduku la mbao, na tangu siku hiyo Sir Zein alikuwa akizitembelea mara mbili kwa siku kama mtu mwenye mgonjwa hospitali.

Madam Larmandieu ndiye mwenye shamba la mizabibu lenye jina hilo. Alikuja kuchagua hoteli moja tu katika Ghuba nzima itakayopewa mvinyo wake. Chakula cha mchana cha Jumamosi ile kilikuwa mtihani wetu.

"Wewe ndiye utakayefungua, mbele ya wote," akasema Sir Zein. "Ukiharibu, Adib, khalas. Nakata viza yako, na ndege ya jioni unapanda. Na ule udi wa zawadi umefika?"

"Bado, sir. Uko njiani."

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipojichimbia kaburi kwa mikono yangu. Zawadi ya udi ilikuwa rai yangu mimi. Sir Zein alisema Madam anapenda harufu nzuri, nami nikaona nafasi ya kuupiga rangi uongo wangu. Nikampigia simu Mzee Aidarus. "Baba, duka letu la hoteli limepata mgeni mkubwa kutoka Ufaransa. Nataka udi wako bora kabisa." Mzee alifurahi mpaka akaniombea dua. Nikamwomba auache kwa walinzi wa mlango wa nyuma, saa nne asubuhi.

Saa nne ikapita. Saa tano ikaingia. Udi haukuonekana, na mimi nikasema moyoni labda mzee amesahau, afadhali hivyo.

Madam hakutaka kupumzika wala kunywa kahawa. Alikuja moja kwa moja stoo. Nilitarajia bibi wa pete na manyoya. Aliyeingia ni bibi kizee mwenye kofia nyeupe na viatu vya kutembelea, na aliponipa mkono, kiganja chake kilikuwa kigumu, kiganja cha mtu wa jembe.

"Wewe ndiye mwenye pua?" akaniuliza kwa Kiingereza chake cha Kifaransa.

"Ndiyo, Madam."

Akafungua mkoba, akatoa kizibo cha chupa, cheusi kwa uzee. "Hiki ni cha chupa ndugu ya hizi, niliyoifungua nyumbani kabla ya kusafiri. Niambie."

Nikakileta puani, nikafumba macho. Wallahi nilisahau nilipo. Nikaliona sanduku la mama yangu la mkangazi, lile la nguo za harusi.

"Waridi kavu," nikasema. "Waridi lililowekwa pamoja na nguo kwa miaka mingi. Na ngozi mpya. Na chini kabisa, kama udi uliokwisha kuungua jana."

Bibi akamtupia jicho Sir Zein. Kisha akaketi juu ya kreti lile lile nililolikalia mimi, akaanza kunisimulia kana kwamba mimi ndiye mgeni aliyemfuata kule kwao Ufaransa.

Shamba lao lina miaka mia tatu, mikononi mwa ukoo mmoja. Nyumba ya mawe ya manjano yenye minara miwili, mmoja una ufa tangu enzi za babu wa babu yake na hawautengenezi, kwa sababu bundi wamezoea kukaa humo. Ardhi ni changarawe tupu, ngano haioti, viazi haviji, ndiyo maana mzee wao wa kwanza aliinunua kwa bei ya kutupa na majirani wakamcheka. Lakini mzabibu ukiona taabu juu huteremsha mizizi chini. Na kila mwisho wa mstari wa mizabibu wamepanda mti mmoja wa waridi.

"Kwa urembo, Madam?"

"Kwa onyo. Waridi huugua kwanza. Tukiona waridi linaumwa leo, tunajua mzabibu utaumwa kesho." Akanitazama. "Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba analinusa waridi mle ndani. Ni wewe tu."

Nilivimba kichwa, nisiwafiche.

"Basi leo utafungua kwa desturi ya kwetu," akasema. "Zamani wafanyakazi walimwambia babu yangu: unauza kitu ambacho sisi tunaokilima hatukijui ladha. Babu akaona haya. Tangu siku hiyo, anayefungua chupa ndiye anayekunywa kwanza, mbele ya wote, kabla ya mwenye nyumba na kabla ya mgeni. Anajaza kinywa na kumeza. Wala hatemi. Na kizibo ni chake, anakiweka mkononi mpaka chupa iishe. Ni heshima ya mfanyakazi. Aliyekataa amelikataa shamba."

Akanipiga piga bega, akatoka na Sir Zein.

Kwa pua ningeweza kuwadanganya watu, lakini koo je? Nisingeweza kumeza hewa mbele ya watu ishirini.

Nikamfuata Fridah kwenye kona ya vitambaa, ambako alikuwa akikunja leso za meza.

"Fridah, dada yangu. Leo tu. Nitasema ninaumwa na koo, na wewe unipokee. Mara moja tu."

"Adib, sikiza. Nimeapa."

"Mungu ni mwingi wa kusamehe."

"Basi kunywa wewe akusamehe."

Mtu akikosa jibu huokota jiwe.

"Wokovu wako ndio utakaonivunjia ndoa," nikamwambia. "Umenificha mwezi mzima, na leo unaniacha njia panda."

Fridah akaweka leso chini. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Two years, Adib. Two years ulikuwa unalinda dini yako na ulimi wangu. Siku moja uliniuliza kama mimi napenda hiyo kitu? Uliniuliza kama usiku natubu? Ulisema tu, Fridah ni Mkristo, kwao ni sawa. Nani alikuambia kwetu ni sawa? Baba yangu alimalizwa na pombe. Mimi ndio nilikuwa namtoa kwa mtaro."

Miaka miwili nimefanya kazi na huyu dada, na sikuwa nikijua hilo. Nilikuwa nimemfanya kijiko cha kuonjea, na kijiko hakiulizwi habari za baba yake. Niliona haya mpaka masikio yakanichoma.

"Nisamehe," nikasema.

"Enda ukafanye kazi," akanijibu, akaendelea kukunja.

Saa saba mchana meza ilikuwa imejaa. Wageni ishirini, wakubwa wa mahoteli na waandishi wa magazeti ya vyakula. Madam kichwani pa meza, Sir Zein kulia kwake akitabasamu kama aliyebanwa na kiatu. Fridah alisimama ukutani na wahudumu wengine, mikono nyuma.

Mimi katikati, kila jicho juu yangu.

Nilikuwa nimekata shauri moja. Nitafungua, nitamimina, kisha nitasema ukweli. Nitasema, Madam, mimi ni Mwislamu, sinywi, na sijawahi kunywa. Sir Zein atanifukuza, viza itakatwa, lakini nitaondoka Dubai na uso wangu. Kwa Mzee Aidarus nitatafuta la kusema. Shauri hilo nililikata nikiwa chooni, na kule lilionekana jepesi.

Nikashika chupa ya kwanza kama mtu anayemshika mtoto mchanga. Kizibo kilitoka taratibu, kizima, bila kuvunjika. Nikakinusa. Kilikuwa chema. Nikakifumbata katika kiganja cha kulia, kama desturi yao inavyotaka. Nikamimina kwa mkono wa kushoto polepole, mashapo yasipande, mpaka glasi moja ikafika robo. Rangi yake ilikuwa ya tofali la zamani, na pembezoni imepauka kidogo.

"Bon," akasema Madam. "Kunywa, mwanangu."

Nikainua glasi. Nikavuta pumzi ili niseme.

Ndipo harufu ya udi ilipoingia puani. Kwanza nikadhani ni ya mvinyo wenyewe, maana nilijua udi umo humo. Lakini hii ilikuwa nzito, ya moto na yenye moshi. Udi wa Mzee Aidarus naujua hata nikiwa nimefungwa macho.

Nikatazama mlangoni.

Alikuwa amesimama nje ya kizingiti, kanzu nyeupe pepe, kofia ya Kiomani, chetezo kinafuka moshi mkononi. Nani mlangoni Dubai atamzuia mzee wa namna hiyo? Nami nilikuwa nimesahau jambo ambalo hata mtoto wa kwetu analijua: udi wa mgeni mkubwa hauachwi kwa walinzi wa mlango wa nyuma kama mfuko wa saruji. Mwenye udi huuleta mwenyewe, na kumfukiza mgeni mwenyewe. Nilimwomba mzee wa watu asifuate adabu yake, na yeye akadhani naona haya kumsumbua.

Bado alikuwa hajaniona. Moshi ulikuwa machoni mwake, naye akimtafuta mtu wa kumuuliza.

Ule ukweli wangu wa chooni ukayeyuka pale pale. Nikimwambia Madam kuwa sinywi, mzee atasikia kuwa mimi ndiye msimamizi wa mvinyo. Nikinywa, mzee ataniona nikinywa. Nikisimama hivi hivi na glasi mkononi, ni sekunde tu zimebaki anione.

Njia ya mwongo ni fupi, waliosema walisema. Yangu ilikuwa imefika mlangoni, na chetezo mkononi.

Mara nikahisi glasi inatoka mkononi mwangu.

Alikuwa Fridah. Alimjua mzee kwa ile picha ya posa niliyomsumbua nayo kila siku, na ule uongo wangu wa duka aliujua pia. Akachukua glasi kwa mkono mmoja na chupa kwa mkono mwingine, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika mlangoni:

"Asante kwa kunishikia, Adib. Rudi kwa duka lako la perfume, mteja wako ndio huyo amefika."

Kisha akamgeukia Madam, akasema kwa Kiingereza, "Madam, mimi ndiye ninayeonja hapa. Nimeonja kwa miaka miwili."

Wala haukuwa uongo.

Sir Zein alifungua mdomo, akaufunga. Madam alimtazama Fridah, akanitazama mimi, akamtazama tena Fridah. Sijui alisoma nini.

"Basi kunywa, binti," akasema.

Fridah akaleta glasi mdomoni, akasita. Macho yake yakanijia, na nilielewa vizuri kabisa ananiuliza nini. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu. Usinywe. Ningelisema kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, hata kwa kichwa.

Nikanyamaza.

Akanywa. Akajaza kinywa na kumeza, kama desturi ilivyotaka. Na nikifika hapa, wasomaji wangu, kwa kuwa nilianza hadithi hii nikiahidi kusema kweli, basi nasema: nilifarijika. Wakati huo huo koo la Fridah linapanda na kushuka, mimi nilifarijika.

Machozi yakaanza kumtoka. Yalimtoka tu, hakuyafuta.

Madam akainuka kwenye kiti chake, akaenda akamkumbatia. "Mama yangu naye alilia," akawaambia wageni. "Alipoonja mvinyo huu huu wa 1961, alilia hivi hivi."

Wageni wakapiga makofi. Sir Zein akapiga kuliko wote.

Mimi nikateleza pembeni, nikatoka mpaka kizingitini.

"Asalaam alaykum, baba."

"Waalaykum salaam, mwanangu. Nimechelewa. Nilitaka niswali adhuhuri kwanza ndiyo nije kwa mgeni na udhu wangu." Alitazama ndani kwa jicho la pembeni, akarudisha macho. Hakuvuka kizingiti. "Huku ndiko ulikoniitia?"

"Duka liko chini, baba. Nilipanda kidogo tu kumpa yule dada msaada."

"Haya. Dubai ndiyo hii, riziki zimechanganyika. Mie sikulaumu kwa kupita njiani." Akatikisa kichwa. "Lakini nimemwona binti yule. Umemwona usoni? Yule hakupenda kunywa. Yule amelazimishwa. Masikini binti wa watu. Hivi mwanamme gani huyo aliyekuwa karibu naye, akasimama tu akamwacha anywe?"

"Sijui, baba."

"Mungu atamuuliza." Akaweka chetezo chini, akatoa kichupa kidogo kifuani mwa kanzu. "Hebu nikutie mafuta ya udi kabla hujanipeleka kwa mgeni wako. Haya nimeyachuja kwa ajili ya harusi yenu. Ikhlas mwenyewe ameyanusa, akasema hayo hayo. Lete mkono."

Nikatoa wa kushoto.

"Astaghfirullah. Tangu lini mtu akapakwa mafuta mkono wa kushoto? Lete wa kulia."

Mkono wa kulia ulikuwa umefumba, na ndani yake kizibo cha Shato Larmandieu, upande mmoja umelowa. Nikautoa hivyo hivyo, ngumi, kiganja kimetazama chini, nikitumaini atapaka juu basi.

Akanishika kifundo. Wauza udi wa zamani hawampaki mtu mpaka wainuse kwanza ngozi yake, wajue mafuta gani yatapatana nayo. Mzee akainama. Akanusa mara moja. Akausogeza mkono karibu zaidi, akanusa tena, na safari hii alifumba macho, kama mimi ninavyofumba.

Nikageuza shingo, nikamwona Fridah ndani ya ukumbi. Madam bado amemkumbatia. Dada yule alikuwa amenitolea kitu alichomwahidi Mungu wake, na alinitazama kuona kama kimenifaa.

Mzee akafumbua macho. Hakuniachia mkono.

"Waridi," akasema polepole. "Waridi kavu la siku nyingi. Na ngozi." Akanitazama usoni. "Mwanangu, hakuna marashi dukani mwangu yenye harufu hii, wala katika duka lolote la Deira."

"Baba..."

"Fungua kiganja, Adib."